Jedwali la logini limefika GB 9, nifagie lini?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu diski kujaa na majedwali kuvimba. Nimechagua nne, na ile ya Mwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imebeba maswali ya wengine karibu wote.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Mwanza, natunza mfumo wa mauzo wa maduka manne ya vifaa vya ujenzi, databesi ni PostgreSQL 15, seva ipo hapa hapa ofisini, diski ni GB 60 na imejaa asilimia 88. Jedwali la mauzo lina mistari kama milioni 12, hilo sina shida nalo. Kuna lingine dogo linaitwa logini, linaweka nani yupo ndani ya mfumo na amebonyeza lini mara ya mwisho, lina mistari elfu 40 tu lakini limefika GB 9!! Kila usiku napiga VACUUM na ukubwa haupungui hata kidogo. Mwezi uliopita nikapiga VACUUM FULL databesi nzima, mfumo ukasimama masaa matatu, logini ikashuka mpaka GB 3, baada ya wiki chache ikarudi pale pale. Sasa bosi kasema niwe napiga FULL kila Jumapili. Fundi, nitajuaje jedwali gani linahitaji kufagiwa na lini? Nimechoka kukisia. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana. Kabla hujaanza hizo Jumapili naomba unisikilize, kwa sababu barua yako yenyewe imeshasema ugonjwa uko wapi.

VACUUM ya kawaida haikuahidi kupunguza faili. Chukulia gesti. PostgreSQL ukibadilisha mstari haiandiki juu ya ule wa zamani, inaandika mstari mpya kwenye chumba kingine na ule wa zamani unabaki palepale, maana huenda kuna mtu alianza kusoma kabla hujabadilisha na ana haki ya kuona kilichokuwepo wakati ule. Ukifuta ni hivyo hivyo, mstari unawekewa alama tu kwamba mwenyewe kaondoka. VACUUM ndiye mhudumu anayepita kubadilisha mashuka, akimaliza chumba kipo tayari kwa mgeni mwingine, lakini habomoi chumba, jengo linabaki na ukubwa ule ule. (Isipokuwa vyumba vya mwisho kabisa vikiwa vitupu vyote, hapo inaweza kukata mkia wa faili na kurudisha nafasi kwenye diski, ila usitegemee.) VACUUM FULL ni kitu kingine kabisa, hiyo inajenga gesti mpya pembeni, inahamisha wageni waliopo halafu ndio inabomoa ya zamani, na wakati wote huo mlango umefungwa, hakuna anayesoma wala kuandika kwenye jedwali lile. Tena unahitaji nafasi ya kuweka nakala mpya pamoja na indeksi zake (orodha za kutafutia mistari haraka) huku ya zamani bado ipo, kwa hiyo ukisubiri diski ifike asilimia 98 kwa jedwali kubwa kama mauzo, hutaweza hata kuanza.

Tabia hii si ajali, ipo tangu POSTGRES ya Michael Stonebraker pale Berkeley, California, miaka ya 1980, na kwenye mpango wa mwanzo mfagiaji alitakiwa kuhamishia mistari ya zamani kwenye hifadhi ya kudumu ili mtu aweze kuiuliza databesi ilikuwaje huko nyuma. Mimi hiyo naipenda sana, nimeitaja tu ili ujue kwamba takataka unazoziona ni gharama ya kitu kizuri, watu kusoma na kuandika kwa pamoja bila kuzuiana.

Kwa hiyo swali la "faili lina GB ngapi" peke yake halikusaidii. Nafasi tupu ndani ya jedwali ambayo kesho itajazwa na mistari mipya sio hasara, ukiirudisha kwenye diski leo kesho jedwali litaiomba tena. Ninachotaka uangalie ni mistari iliyokufa mingapi ukilinganisha na hai, na je ile iliyokufa inaondolewa au imekwama. Anza na hii:

SELECT relname, n_live_tup, n_dead_tup, last_autovacuum FROM pg_stat_user_tables ORDER BY n_dead_tup DESC;

Jedwali lenye waliokufa asilimia 10 au hata 20 mimi silishtukii, hiyo ni hali ya kawaida kabisa kwa sababu autovacuum (VACUUM inayojiendesha yenyewe) nayo inasubiri karibu na hapo ndipo iamke. Hesabu yake ni 50 kujumlisha asilimia 20 ya mistari ya jedwali. Logini yako yenye elfu 40 inaguswa ikifika mistari 8,050 iliyokufa, sawa, hiyo ni haraka. Lakini mauzo yenye milioni 12 itasubiri mpaka waliokufa wafike 2,400,050! Unaona shida, kadiri jedwali linavyokua ndivyo linavyofagiwa kwa nadra zaidi na kila ufagio unakuwa mzito. Kwa hiyo jedwali kubwa lipe kipimo chake peke yake:

ALTER TABLE mauzo SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);

hapo itaamka kwenye 240,050 badala ya milioni mbili na ushee. Ni mstari mmoja tu, hausimamishi duka.

Ila tahadhari, na hili linawahusu nyote mnaokaa na seva ofisini ambako umeme unakatika. Hizo namba za n_dead_tup ni makadirio, na seva ikizimika ghafla bila kuzimwa vizuri, PostgreSQL ikiinuka inaanza hesabu zote upya kutoka sifuri. Takataka zipo, hesabu haipo. Autovacuum nayo inasoma hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo inaona jedwali safi na inalala. Umeme ukikatika kila baada ya siku mbili na huna UPS, kuna majedwali yanaweza kukaa muda mrefu sana bila kufagiwa. Dawa yake ni kupiga ANALYZE databesi nzima kila seva inapoinuka kutoka kwenye zimiko la ghafla, hiyo inachungulia majedwali na kujaza makadirio tena. Na UPS nunueni jamani, hata ndogo.

Ukitaka kujua ukweli na sio makadirio, weka kiendelezi cha pgstattuple halafu SELECT * FROM pgstattuple('logini'), kitakupa dead_tuple_percent, yaani wasiofagiwa bado, na free_percent, yaani vyumba vitupu vilivyo tayari. Hizi mbili zina maana tofauti kabisa, tafadhali usizichanganye! Dead ikiwa juu, VACUUM haijafika au imezuiwa. Free ikiwa juu, VACUUM imefanya kazi yake, kilichobaki ni wewe kuamua kama nafasi ile itatumika tena au la. Kinasoma jedwali zima kwa hiyo kwa mauzo subiri usiku, au tumia pgstattuple_approx ambayo ni nyepesi.

Sasa turudi kwenye logini. Ulisema baada ya FULL ilibaki GB 3. Mistari elfu 40 haiwezi kuwa GB 3, hata kila mstari ukiwa na KB 1 nzima ni kama MB 40. Ina maana FULL yenyewe ilikuta mistari iliyokufa ambayo haikuruhusiwa kuitupa ikaibeba kwenda nayo nyumba mpya. Nani aliikataza? Muamala wa zamani uliokuwa wazi, yaani kazi iliyoanzishwa kwenye databesi (transaction) na haijafungwa. Mgeni amelala na funguo mfukoni, mhudumu hawezi kuingia, na kibaya zaidi sio chumba chake tu, PostgreSQL haiwezi kutupa mstari wowote, kwenye jedwali lolote la databesi ile, uliokufa baada ya yeye kuanza, hata kama hajawahi kuigusa logini.

Piga VACUUM (VERBOSE) logini. Halafu soma majibu taratibu. Ukiona maneno "are dead but not yet removable" na mbele yake namba kubwa, basi ndio huyo, wala usihangaike na FULL kwanza. Mtafute:

SELECT pid, usename, state, xact_start, backend_xid, backend_xmin FROM pg_stat_activity WHERE backend_xid IS NOT NULL OR backend_xmin IS NOT NULL ORDER BY xact_start;

Wa kwanza kwenye orodha akiwa ameanza juzi au wiki iliyopita, ndiye. Mara nyingi ni programu ya ripoti au skrini ya bosi iliyofungua muamala ikaandika kitu kidogo au ikashika picha ya data ya zamani, halafu haikufunga. Kama hayupo hapo angalia pg_prepared_xacts (miamala iliyotayarishwa ikasubiri kuthibitishwa) na pg_replication_slots (nafasi za seva za nakala), hasa kama mliwahi kuweka seva ya pili ya nakala mkaitelekeza.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelipitia. Kuna ofisi nilikuwa nawatunzia databesi, programu ya ripoti ilifunguliwa Ijumaa mchana na mtu akaenda nyumbani, Jumatatu jedwali la foleni limevimba, kila mtu analalamika mfumo mzito. Nikapiga FULL usiku kucha, asubuhi ukubwa ni karibu ule ule. Nikapiga tena. Siku ya tatu ndipo nikaangalia pg_stat_activity nikaukuta muamala wa ile ripoti umekaa pale, idle in transaction (uko wazi lakini haufanyi kitu), tangu Ijumaa saa tisa. Nikaukata kwa pg_terminate_backend, VACUUM ya kawaida ikamaliza ndani ya dakika chache kazi niliyoihangaikia siku mbili. Watu walisubiri foleni siku mbili kwa sababu sikuuliza swali moja. Tangu siku hiyo naweka idle_in_transaction_session_timeout kwenye kila seva ninayoigusa, dakika 10 zinatosha kwa mifumo mingi. Ujue tu kwamba hiyo inamkata aliyekaa bila kufanya kitu, hoja (query) inayokimbia masaa matano haiigusi.

Kwa hiyo kwako mpangilio ni huu: mtafute na umkate aliyeshika funguo, piga VACUUM logini ya kawaida, hakikisha hakuna tena "not yet removable", ndipo piga VACUUM FULL logini, logini peke yake na sio databesi nzima, mara moja, usiku maduka yamefungwa. Mistari hai ni michache kwa hiyo nakala mpya itakuwa ndogo sana, kazi ni kusoma hizo GB 9 tu, masaa matatu hayafiki hata kwa mbali. Kabla ya kuianza andika SET lock_timeout = '5s'; maana FULL ikikosa kufuli inajipanga foleni na kila anayekuja nyuma yake anajipanga pia, na hapo mfumo mzima unaonekana umekufa kumbe unasubiri mtu mmoja.

Halafu zuia takataka kutengenezwa, hapa ndipo penye faida kubwa kuliko ufagio wowote. Unasema logini inaandika mara ya mwisho mtu alipobonyeza. Kila mbonyezo ni mstari mmoja umekufa! Mwambie aliyeandika programu asasishe kama imepita dakika moja tangu mara ya mwisho, hakuna duka la saruji linalohitaji kujua sekunde. Pia angalia kama ile safu ya muda ina indeksi. Tangu toleo la 8.3 PostgreSQL ina njia ya mkato inayoitwa HOT, mstari mpya ukitosha kwenye ukurasa (kipande cha faili) ule ule na hakuna safu yenye indeksi iliyobadilika, basi indeksi haziguswi na usafi mwingi unafanyika papo hapo bila kusubiri VACUUM. Ukiwa na indeksi kwenye safu inayobadilika kila sekunde umejifungia mlango huo. Iondoe kama hakuna anayeitumia, weka fillfactor ya 70 (kila ukurasa ujazwe asilimia 70 tu) kwa jedwali hilo kabla ya ile FULL ili kurasa mpya zianze na nafasi, halafu kwenye pg_stat_user_tables linganisha n_tup_hot_upd (masasisho yaliyopita njia ya HOT) na n_tup_upd (masasisho yote) baada ya wiki, inatakiwa zikaribiane.

FULL ya kila Jumapili mwambie bosi hapana kwa heshima zote, mwonyeshe hizi namba. FULL ina siku yake, jedwali likishapungua na haliongezeki tena, mfano umefuta mauzo ya miaka mitano ya nyuma. Na hata hapo, kama hamuwezi kufunga duka, kuna pg_repack inayofanya kazi hiyo hiyo kwa kufuli fupi tu mwanzo na mwisho, inataka jedwali liwe na ufunguo wa msingi au indeksi ya kipekee kwenye safu isiyoruhusu thamani tupu (NOT NULL), pamoja na diski ya kutosha nakala ya pili. Kama ni indeksi peke yake iliyovimba, REINDEX INDEX CONCURRENTLY ipo tangu toleo la 12.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Sisi huku Mombasa tuko na MySQL 8, jedwali la kumbukumbu za ujumbe, tulifuta nusu ya mistari lakini faili ya .ibd iko vile vile. Rafiki yangu aniambia niweke OPTIMIZE TABLE kwa kron (ratiba ya seva) kila usiku. Ni sawa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Kila usiku hapana. InnoDB, yaani injini ya MySQL inayohifadhi data, inatofautiana na PostgreSQL, matoleo ya zamani ya mistari inayaweka kando kwenye undo na kuna uzi wa kusafisha unaopita wenyewe, kwa hiyo jedwali halijazwi na maiti namna ile. Ila ukifuta nyingi kwa mpigo kurasa zinabaki tupu ndani ya faili zikisubiri mistari mipya. Angalia DATA_LENGTH na DATA_FREE kwenye information_schema.TABLES. Kama DATA_FREE ni kubwa na ujumbe mpya utaijaza ndani ya miezi miwili mitatu, achana nayo. Kama mmeamua kuanzia sasa mnaweka ujumbe wa siku 90 tu na nusu ile hairudi tena, OPTIMIZE TABLE mara moja, inalijenga jedwali upya kwa hiyo hakikisha diski ina nafasi ya nakala. Utaona ujumbe kwamba jedwali halina optimize na linafanya "recreate + analyze instead", usiogope, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Watu wanaendelea kusoma na kuandika isipokuwa kidogo mwanzo na mwisho, lakini jedwali lenye indeksi ya FULLTEXT (ya kutafuta maneno) linanakiliwa kwa njia ya zamani na waandishi watasubiri.

Na kwa kumbukumbu za ujumbe ningeligawa jedwali kwa mwezi. Mwezi ukizeeka unafanya DROP PARTITION, faili yake inaondoka yote na hakuna cha kufagia. Ushauri huu ni kwa PostgreSQL pia.

SWALI: Fundi habari, natengeneza programu ya simu ya kuandikisha wakulima, inatumia SQLite, faili imekua MB 300 na watu wa Pemba wanalalamika simu zinajaa. Nipige VACUUM kila programu ikifunguka? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Nzuri. Kila ikifunguka itawachosha na itamaliza chaji, VACUUM ya SQLite inaandika faili zima upya na inaweza kuhitaji nafasi mpaka mara mbili ya faili, simu iliyojaa itakwama. Uliza PRAGMA freelist_count na PRAGMA page_count, gawanya ya kwanza kwa ya pili, ikizidi kama robo na simu ina nafasi piga VACUUM wakati ipo kwenye chaji. Ila nina wasiwasi mnaweka picha za wakulima ndani ya databesi, kama ndivyo zitoeni mziweke kama faili za kawaida, ufagio hautapunguza picha ambazo bado zipo.

SWALI: Fundi nina haraka. PostgreSQL 14, kwenye logi kuna onyo linajirudia kwamba databesi lazima ifanyiwe vakyumu ndani ya miamala milioni 39. n_dead_tup ni ndogo kila mahali. Nimezima na kuwasha seva mara mbili, onyo halitoki. – Msomaji, Arusha

JIBU: Huyu nilimjibu siku ile ile, ninaliweka hapa kwa faida ya wengine kwa sababu hii ndiyo hali pekee ambayo idadi ya waliokufa haina maana yoyote na lazima ufagie hata kama jedwali ni safi.

Kila muamala unaoandika una namba, namba ni ya biti 32, kama bilioni 4 hivi, halafu zinazunguka kama saa ya ukutani. Ukisimama mahali popote bilioni 2 ziko nyuma yako na bilioni 2 mbele, kwa hiyo mstari wa zamani sana usipogandishwa mapema (yaani kuwekewa alama kwamba ni wa zamani kwa wote) utaonekana umeandikwa kesho na utapotea machoni. VACUUM ndiyo inayogandisha. Kwa kawaida autovacuum inaingia kwa nguvu umri wa jedwali ukifika miamala milioni 200, hata kama uliizima. Onyo linaanza zikibaki milioni 40, na zikibaki milioni 3 databesi inakataa miamala mipya ya kuandika ili kulinda data. Februari 2019 huduma ya barua pepe ya Mandrill ilikwama kwa sababu hii hii, na wale ni watu wenye wahandisi wengi, kwa hiyo onyo hili usilipuuze hata siku moja.

Nikamwambia aangalie SELECT datname, age(datfrozenxid) FROM pg_database, halafu asipige FULL wala asiingie hali ya mtumiaji mmoja (seva kufungwa kwa wote isipokuwa yeye) kama makala za zamani zinavyosema, atafute kilichozuia. pg_stat_activity ilikuwa safi. Lakini kwenye pg_prepared_xacts kulikuwa na muamala mmoja uliotayarishwa na programu ya Java zaidi ya mwaka uliopita, haukukamilishwa wala kufutwa, na miamala ya aina hiyo inadumu hata ukizima seva, ndio maana kuzima na kuwasha hakukusaidia. Akauliza waliokuwa wanaitumia programu ile, wakathibitisha hauhitajiki, akaandika ROLLBACK PREPARED na jina lake, akapiga VACUUM ya kawaida kwenye majedwali yenye umri mkubwa kwanza. Saa nne usiku akanitumia ujumbe kwamba umri umeshuka na logi imenyamaza.